Mifupa ya Wazee Wetu Yatwambia Nini?

Nilikuwa mtoto wa chuo, sijamaliza hata kuhifadhi Juzuu Amma, siku jirani yetu alipoamua kuchimba shimo jipya la choo nyuma ya nyumba yake. Jembe lilipopita kimo cha mtu liligonga ukuta wa mawe na chokaa, ukuta ambao hapana mzee hata mmoja mtaani aliyekuwa na habari nao. Kando ya ukuta ule ukaibuka mfupa, kisha mwingine, kisha fuvu la kichwa lililolalia upande wa kulia, uso umeelekea kibla. Mchimbaji aliruka nje ya shimo, akaenda mbio kumwita Maalim wetu.

"Maalim, kule shimoni mna mtu."

Maalim alikuja, akachungulia, akanyamaza kidogo. "Ni Muislamu mwenzetu huyo," akasema. "Mtolee salamu, umfukie, ukachimbe kwengine."

Ikasomwa Fatiha, na shimo likafukiwa. Lakini kabla halijafukiwa, sisi watoto tulikuwa tumekwisha kuchopoa udongoni vigae vya bakuli la rangi ya kijani, laini kama yai. Wenzangu walivichezea mpaka vikapotea. Changu nilikitia mfukoni, na ninacho hadi leo. Nitakirudia mbele.

Tangu siku ile swali moja halijanitoka. Yule mtu alikuwa nani? Alizaliwa papa hapa au alikuja na msimu wa kaskazi? Alikula nini, aliumwa na nini, alizungumza lugha gani na mkewe? Chuoni tulisomeshwa kuwa Siku ya Kiyama viungo vya mtu ndivyo vitakavyomshuhudia. Ushahidi ule ni wa Mola peke yake. Lakini hata hapa duniani mifupa ina ushahidi wake mdogo, na wako watu waliosomea namna ya kuusikiliza.

JINO HALISAHAU

Elimu yao huitwa akiolojia. Wengi wetu hudhani kuwa kazi ya watu hawa ni kutafuta dhahabu. Hasha! Mwanaakiolojia aweza kumaliza mwezi mzima akipiga brashi udongo ndani ya shimo dogo, na akafurahia punje moja ya mtama iliyoungua kuliko mkufu, kwani mkufu humweleza habari za tajiri mmoja na punje humweleza habari za chungu cha mji mzima.

Wakipata kiunzi cha mifupa, kwanza hutazama nyonga. Ya mwanamke ni pana, imeumbiwa uzazi. Ya mwanamume ni nyembamba. Kisha hutafuta umri. Kwa mtoto, meno ndiyo kalenda, maana kila jino lina wakati wake wa kuota. Kwa kijana hutazamwa ncha za mifupa, ambazo huwa bado hazijaungana na mfupa wenyewe. Wa mwisho kukamilika ni mtulinga, ule mfupa utokao kooni kwenda begani, ambao aghalabu haukamiliki mpaka mtu apite miaka 20 na kitu. Kwa mzee husomwa kuchakaa kwa viungo na kulika kwa meno.

Baada ya hapo huja habari za maisha yenyewe. Mtoto akiugua sana, au akishinda na njaa kwa muda, jino linalojengeka wakati ule husimama kidogo, na likiendelea huacha mfereji mwembamba juu ya ule weupe wake mgumu. Mfereji huo haufutiki. Mtu aweza kukua, akatajirika, akamiliki majahazi, lakini jino lake litabaki likisema kuwa utotoni mwake palikuwa na dhiki. Mwenye mazoea ya kuchutama naye huwa na alama katika kifundo cha mguu, pale mifupa ilipokuwa ikisuguana.

La ajabu zaidi ni habari za maji na chakula. Jino hujengwa utotoni kwa maji na vyakula vya mahali mtu alipokulia, na mawe ya kila nchi yana alama yake ambayo hupita udongoni, ikaingia majini na katika mimea, ikaishia jinoni. Likisha kujengwa halibadiliki. Mtu akikulia mbali akafia Pwani, jino lake hutaja kule alikokulia. Mfupa, kwa upande wake, hujitengeneza upya miaka yote ya uhai, kwa hivyo wenyewe husimulia zaidi miaka ya mwisho. Mtama na mawele huacha ndani yake alama ya namna moja, mpunga huacha ya namna nyingine, na samaki huacha yake. Kwa hiyo jino na mfupa wa mtu mmoja vyaweza kusimulia safari nzima: alikozaliwa na alikokuja kuhamia.

Na ni za lini habari hizo? Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa Kimarekani, Willard Libby, aligundua njia ya kupima umri wa vitu vya kale, na mwaka 1960 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kila kilicho hai huingiza mwilini aina moja ya kaboni. Kikifa huacha kuingiza, na ile iliyomo hupungua nusu yake kila baada ya miaka 5,730. Ukiipima iliyobaki, waweza kuhesabu umri wa mfupa au wa mkaa. Kipimo hicho hufika miaka 50,000 hivi, kisha huchoka. Hapa kwetu Pwani yuko maiti aliyekishinda.

SANDA YA MTOTO WA KILIFI

Katika vilima vya Kilifi, yapata kilomita 15 kutoka baharini, liko pango liitwalo Panga ya Saidi. Mwaka 2013 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenzao wa taasisi ya Max Planck ya Ujerumani, waliona humo vipande vya kwanza vya mifupa. Mwaka 2017 walifikia shimo lenyewe, yapata mita 3 chini ya sakafu ya pango. Mifupa ilikuwa imeoza hata ukiigusa yageuka unga. Wakalizungushia plasta donge zima la udongo, wakalibeba hadi Nairobi, na baadaye likapelekwa katika kituo cha utafiti mjini Burgos, Hispania. Huko Profesa María Martinón-Torres na wenzake walilichunguza kwa subira, kwa mashine zenye kupiga picha ndani ya udongo bila ya kuubomoa. Mwezi Mei 2021 habari zikatangazwa ulimwenguni.

Alikuwa mtoto wa miaka 2 na nusu au 3. Wataalamu walimwita kwa neno letu wenyewe, Mtoto. Alizikwa miaka 78,000 iliyopita, na hadi kutangazwa kwake halikuwa limepata kujulikana Afrika nzima kaburi la binadamu wa jinsi yetu lililo kongwe kuliko hilo. Umri ule haukupimwa kwa kaboni bali kwa mchanga. Punje za mchanga zilizofukiwa hujilimbikizia nguvu kidogo kidogo kutoka ardhini. Zikimulikwa maabara huitoa nguvu ile kwa sura ya mwanga, na mwanga huo ndio hesabu ya miaka tangu zilipoliona jua mara ya mwisho.

Lakini si umri ulionishika moyo. Mtoto yule alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mtulinga na mbavu zilikuwa zimekaa kama za mtu aliyefungwa ndani ya kitu, huenda ngozi au majani. Shingo ilikuwa imelegea kwa namna itokeayo pale kitu kilichokiegemeza kichwa kinapooza na kuacha nafasi. Yaani alivishwa sanda na akawekewa mto. Sanda yenyewe haikuonekana, wala mto haukuonekana. Vimekwisha kuoza zamani za kale. Vilijulikana kwa jinsi mifupa ilivyokaa.

Nisifahamike vibaya. Sisemi kuwa watu wale walikuwa na mwanandani na viunza kama sisi, wala ubavu ule wa kulia siufanyi hoja ya dini. Nasema tu kwamba aliyepata kumzika mtoto wa umri ule aujua uzito wa ule mzigo mwepesi. Kulikuwa na mtu katika pango lile aliyeona kuwa si vyema kichwa cha mtoto kilale juu ya ardhi tupu. Miaka 78,000 imepita, na huruma yake bado yasomeka.

MSIKITI CHINI YA MSIKITI

Mifupa peke yake haitoshi. Shahidi wa pili ni vyombo, na vyombo navyo husemeshwa kwa tabaka. Kilicho chini kilitangulia, kilicho juu kilifuata, na vilivyolala pamoja viliishi pamoja. Kanuni ni hiyo, nayo ni nyepesi kuifahamu, lakini ukiivunja umepoteza kila kitu.

Katika miaka ya 1980 Mwingereza Mark Horton alichimba mahame ya Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe wa Ijumaa alikuta athari za msikiti mwengine, na chini ya huo mwengine tena, mpaka akafika kwenye matundu ya nguzo za miti yaliyobaki udongoni kama madoa. Ulikuwa msikiti mdogo wa miti, wa kuwatosha watu wachache tu, nao ni wa karne ya 8, yaani karne ya 2 ya Hijra. Kila ulipojengwa upya ulikuzwa.

La kuzingatia ni vigae. Katika tabaka zile za chini vingi mno ni vya vyungu vya kienyeji vyenye michoro ya pembetatu, vyungu vya namna moja na vilivyookotwa bara na kando ya Mto Tana. Vya kutoka ng'ambo vilikuwako, lakini ni vichache. Basi waliosali mle walikuwa wakiishi katika mji uliopika kwa vyungu vya hapa hapa.

Si hivyo wataalamu walivyokuwa wakisema mwanzo. James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka 1948 alivutiwa na kaure za Uchina, na nyumba za mji ule hadi leo zina majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Liko pia kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijra, ambao ni sawa na 1399. Kirkman alifanya kazi kubwa, na Gedi ambayo mwaka 2024 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ina deni kwake. Lakini kitabu chake cha mwaka 1954 aliuita mji ule mji wa Waarabu. Jicho lililotazama bakuli la mgeni lilikipita chungu cha mwenyeji, na vyungu ndivyo vilivyokuwa vingi.

Hata wali una tarehe yake. Kisiwani Pemba mtaalamu Sarah Walshaw alizichunguza punje zilizoungua jikoni za miji miwili iliyo jirani. Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, watu walikula zaidi mawele. Chwaka, iliyofuata karne ya 11 hadi ya 15, mpunga ndio uliotawala. Katika muda ule watu wa kisiwa walibadilisha sahani zao, na walau tumejua hayo kwa sababu mpishi fulani aliunguza chungu.

MAMA WA HAPA, BABA WA KULE

Sasa nifike kwenye jambo linalotugombanisha barazani. Kwa muda mrefu Mswahili amekuwa akisemewa na wengine. Waliotutawala waliandika kuwa miji ya mawe ilijengwa na wageni, na mwenyeji alikuwa mtumishi tu. Baadaye wakaja waliosema kinyume, kwamba wageni hawakuwa kitu, na habari za Washirazi ni ndoto za watu waionao haya asili yao. Sisi wenyewe tumebishana kwa nasaba mpaka jamaa wakanuniana.

Machi 2023 kikundi kikubwa cha wataalamu, miongoni mwao Profesa Chapurukha Kusimba, mzaliwa wa Kenya, na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, kilitoa matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi, ziitwazo DNA, kutoka katika mifupa ya watu 80. Walikuwa wamezikwa katika miji 6 ya mwambao, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara na Kilwa, baina ya mwaka 1250 na 1800, pamoja na mji mmoja wa bara. Chembe hizi husomeka kwa njia mbili zenye faida kwa swali letu. Kuna zinazotoka kwa mama peke yake, na kuna zinazotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume.

Walikuta nini? Kwa wengi wa watu wale wa mwambao, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, nayo imetoka zaidi kwa wanawake. Sehemu iliyobaki, ambayo kwa baadhi yao ilipita nusu, ni ya Asia. Na katika hiyo, 80 hadi 90 kwa mia ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi, na nyingine Bara Hindi. Kuchanganyika huko kulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya mwaka 1500 asili ya Uarabuni ndiyo iliyozidi kuingia.

Basi wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakuota. Historia ya Kilwa inasimulia juu ya Ali bin Hasan, mwana wa sultani wa Shirazi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Hadithi ya nguo siwezi kuipima kwa mfupa. Lakini kwamba wanaume wa Kiajemi walikuja wakaoa, hilo mifupa imelishuhudia.

Na wale waliosema miji hii ni ya wageni nao hawakupata cha kushika. Baba alikuja na jahazi, akaikuta nyumba ina mwenyewe. Msikiti wa miti wa Shanga ulikuwa umekwisha kusimama yapata miaka 200 kabla ya kuchanganyika kule, na vyungu vilikuwa jikoni. Watoto waliozaliwa hawakuzungumza Kiajemi. Walizungumza lugha ya mama zao, na ndiyo hii ninayokuandikia na wewe unaisoma.

Tusizidishe, lakini. Waliochunguzwa wengi ni waliozikwa kwa heshima, kwenye makaburi ya mawe na karibu na misikiti. Mvuvi, mfinyanzi na mtumwa, ambao makaburi yao hayakujengewa, hawajasema. Tena damu ya mwambao imeendelea kubadilika tangu wakati ule. Asije mtu akakamata gazeti hili barazani akamwambia mwenziwe, "Umeona? Mimi ni asili zaidi kuliko wewe." Mifupa ile haikutoka kaburini kuja kutupa vyeo.

HAKI YA MAITI

Msomaji atauliza: Je, yafaa kuwafukua? Swali ni la haki, kwani Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa mfupa wa maiti una heshima yake kama wa aliye hai. Mimi si mufti, na hukumu naiachia masheikh. Nitasema tu lililofanyika. Profesa Kusimba, aliyekaa na watu wa Pwani kwa miaka mingi, alikwenda kwanza kwa wenyeji kutaka idhini, na kazi ikafanywa kwa sharti la adabu: kufukua, kuchukua kidogo kinachohitajika, na kuzika tena katika msimu ule ule. Hapo tofauti ya kumuuliza mtu na ya kumwibia yaonekana.

Maana wezi wako. Nenda kwenye makaburi yetu ya kale ya mawe utazame yale matundu ya duara kwenye kuta. Palikuwa na mabakuli ya kaure pale; yaling'olewa kwa patasi yakauzwa. Kwengine mahame yamekatwa viwanja, mawe yake yakaenda kwenye misingi ya nyumba mpya, na mifupa ikatupwa na kifusi. Wale hawakuomba idhini ya sheikh wala ya makumbusho, na twawaangalia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na turathi yamtaka anayevumbua kitu cha kale akitolee habari. Lakini sheria haina macho mtaani. Macho ni yetu.

Sasa nikirudie kigae changu. Miaka michache iliyopita nilimpelekea mtaalamu mmoja wa mambo ya kale. Alikigeuza, akakipitisha kidole, akatabasamu.

"Hiki ni cha Uchina, Sheikh. Cha zamani sana. Kilikuwa tabaka gani?"

"Sijui."

"Juu ya kaburi au ndani? Palikuwa na vyungu karibu yake? Mkaa, je?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa mtoto, nilichopoa tu.

Alinirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu. "Kizuri," akasema, "lakini ni bubu."

Neno lile lilinichoma, kwa sababu aliyekifanya bubu ni mimi. Bakuli lile huenda lilikuwa la kaburi la mtu yule, au la nyumba iliyokuwako kabla yake, au lilitupwa miaka mia baadaye. Kwa kukitia mfukoni nilimnyang'anya ndugu yangu wa shimoni neno moja katika machache aliyokuwa nayo.

Nimeandika kwenye karatasi mtaa, kiwanja, kina cha shimo kwa kukisia na mwaka, yote niyakumbukayo, nikaifunga pamoja na kigae ndani ya kitambaa ili nikikabidhi. Ni ushahidi uliochelewa, lakini ni bora kuliko kunyamaza. Nawe msomaji, siku jembe lako litakapogonga ukuta usioujua, usichopoe kitu. Simamisha kazi. Mwite mzee wa mtaa, wapelekee habari watu wa makumbusho, na ukimkuta mtu humo mtolee salamu kwanza. Huenda ni babu yako, na kwa hakika ana jambo la kukwambia.